Jumamosi Mama Alipopokonywa Kiti Kwenye Rede

Tangu astaafu ualimu, mama alikuwa na kiti cha plastiki cha buluu barazani. Alikikalia asubuhi, akakiacha jua likizama. Daktari alimwambia sukari imepanda, na magoti yake yanataka kutembezwa. Mama akajibu, "Nimesikia, daktari," akarudi kitini.

Mimi nilikuwa nyumbani na shahada yangu, nasubiri kuitwa kazini, na kwa wakati huo kazi yangu ilikuwa wasiwasi. Nilizihesabu hatua za mama: barazani hadi jikoni, jikoni hadi barazani. Kila nilipomwambia tukatembee aliniuliza, "Tunakwenda kwa nani?" Kutembea bila kwenda kwa mtu aliona ni dalili ya ugonjwa mwingine kabisa.

Ndipo nikakumbuka rede. Mama alinihadithiaga kwamba utotoni alikuwa hapigiki. Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, na wa katikati anaukwepa huku anajaza chupa mchanga. Akipigwa kabla chupa haijajaa, ametoka. Nikaamua kuwaita kina mama wa mtaa wetu, huku Wazo, tucheze wote.

Ujumbe wa kwenye grupu la mtaa niliuandika na kuufuta mara saba. Neno "mazoezi" lingewatisha. "Mchezo" lingeonekana la kitoto. Mwishowe nikatuma: "Kina mama wote mnakaribishwa uwanjani Jumamosi saa kumi na moja jioni, kwa ajili ya afya."

Walikuja wengi kuliko nilivyoota! Walikuja na vitenge vilivyopigwa pasi, na kila mmoja amebeba kiti. Wakavipanga safu mbili, wakakaa, wakanitazama. Mama alikaa mbele kwenye kile chake cha buluu.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba. Mtoa mada ndiye wewe?" aliuliza mmoja. "Na soda ziko wapi?"

Walidhani ni semina. Nilikuwa nimewaza mvua, mawe, mama kuanguka, hata bendeji nilibeba. Semina sikuiwaza. Kwa kuwa sikuwa na mada wala soda, nikatoa mfukoni nilichokuwa nacho: mpira wa soksi na chupa tupu ya maji.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akaangua kicheko. Yeye ni Mnyamwezi, sie Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wa mama, na mtani hanuniwi.

"Rede! Mzaramo huyu ataweza wapi? Bila ngoma hainuki. Kiti kimeshaota mizizi!"

"Nyamaza wewe, mla michembe ya viazi," mama alisema.

"Basi simama tukuone."

Mama akasimama ili amchape kwa ncha ya khanga aliyojitanda. Hilo ndilo jirani alilokuwa akilingoja. Akakivuta kiti.

"Changu hiki! Ukijaza chupa, nakurudishia. Nikikupiga, naenda nacho kwangu."

Wanawake wote walikuwa wameshasimama. Mama alimtazama mtani wake, akatazama kiti, akavua kandambili. Akajifunga kibwebwe. Mama yangu akajifunga kibwebwe!

Jirani alichukua upande mmoja, mie nikasukumwa upande wa pili. Nikirusha kwa nguvu namuumiza, nikirusha polepole atajua. Nikarusha kama natupa yai.

"Rusha, msomi! Unanihurumia mie?"

Nikarusha kweli. Akainama, mpira ukapita juu ya mgongo wake, na uwanja mzima ukalipuka. "Jaza! Jaza!" Akachota mchanga kwa viganja, akaruka upande, akachota tena. Magoti yale yale ya daktari! Nilipiga kelele kuliko wote, nikasahau kuwa natakiwa kuudaka mpira.

Chupa ilibakiza vidole viwili ijae. Mama akachuchumaa kuimalizia, na jirani akamwambia, "Mtani, kitenge kinafunguka." Mama akajitazama. Mpira ukamgonga begani.

Jirani alizunguka uwanja na kiti kichwani, akiimba. Mwingine akaingia katikati, kisha mwingine, mpaka adhana ya magharibi ikatutawanya.

Njiani nilijilaumu. Mama ameshindwa mbele za watu, kwa sababu ya ujumbe wangu. Hatarudi uwanjani, labda hata barazani hatatoka. Tulipofika na kuona mahali pa kiti pakiwa patupu, nikasema haraka, "Mama, kesho nakununulia kingine."

"Ole wako," alisema. "Ukileta kiti humu utakikalia mwenyewe. Changu nakifuata Jumamosi."

Hakukaa. Alitembea baraza nzima, akageuka, akarudi, mkono mmoja kwenye goti. Sikuthubutu hata kuhesabu.

"Yule anarusha kwa mkono wa kushoto. Umeona?"

"Nimeona, Mama." Nilikuwa bado nahema. Mie ndiye niliyekuwa nahema.

"Mpira uko wapi?"

Nikautoa mfukoni. Akamwaga mchanga wa ile chupa tuliyorudi nayo, akaiweka katikati ya ua, akakaza kibwebwe.

"Simama pale kwenye pipa la maji," aliniambia. "Na usinirushie yai."