Bi Springi na Meza ya Watu Wawili

Saa moja unusu asubuhi, Bi Springi anavua pete, anaitia mfukoni, kisha anamwaga mezani vipande kumi na vinne vya pampu ya maji. Haviangalii. Vidole vinaokota vyenyewe, na baada ya dakika tisa pampu iko tayari.

Huu ni mwaka wake wa thelathini na moja kiwandani. Jina hilo la utani alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa upande wa pili wa meza hii kwa miaka kumi na tisa. Wifi akiibana springi, yeye anapenyeza pini.

"Tulikuwa tunapiga soga kutwa," anasema huku akitabasamu. "Nikimsengenya kaka yake, badala ya kukasirika ananiongezea."

Macho ya wifi yalipofifia, akaacha kazi. Tangu hapo Bi Springi huibana springi kwa jiriwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani, na kazi inachukua muda mara mbili.

Mwaka jana kiwanda kikaleta mkono wa roboti. Bi Springi akajua kazi ndiyo hiyo inaota mbawa. Lakini mambo yakagoma. Mhandisi, mama mmoja mpole, aliiachia kompyuta itafute kipi kitangulie na kipi kifuate. Siku tatu ikahangaika. Alimweleza Bi Springi kwamba vipande kumi na vinne vina mipangilio zaidi ya bilioni themanini na saba, na ukiongeza kimoja tu, hesabu hiyo inazidishwa mara kumi na tano. Mingi ni upuuzi mtupu, ila mashine haijui hadi ijaribu.

Hata mpangilio ulipopatikana, mkono ulikwama. Ukibana springi, pini haina wa kuiingiza. Ukiiachia, springi inaruka hadi dirishani.

Bi Springi alivumilia hadi saa sita, kisha akaomba pampu nzima. Akaifungua taratibu, akivipanga vipande mstari juu ya kitambaa. Kinachotoka mwisho, akamwambia mhandisi, ndicho kinachoingia kwanza. Hayo mabilioni ya nini? Alipofika kwenye springi akasita. Akamwomba mhandisi akae upande wa pili, aibane.

"Hapa, mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Hapa alikuwa anakaa wifi yangu."

Mhandisi akaenda kuagiza mkono mwingine. Miezi miwili baadaye mkono wa pili uliwasili.

Leo mikono hiyo inaunga pampu mia tatu kwa siku. Bi Springi na wifi yake, wakijitahidi sana, walifika mia na kumi. Yeye amebakishiwa oda ndogondogo. Wakati wa chai husogea na kikombe chake kwenda kuitazama.

"Inafanya vizuri, siwezi kusema uongo. Ila mmoja ukichelewa, mwenzake unangoja tu, kimya. Wifi yangu angenisema mpaka jioni."

Baada ya miezi mitano anastaafu. Anataka kutengeneza pampu mbovu za majirani barazani kwake. Mwezi uliopita wifi alipasuliwa jicho moja, sasa anasoma herufi kubwa, na amekubali kuja kwa sharti moja: safari hii yeye ndiye apenyeze pini.

"Nimemwambia sawa," anasema Bi Springi. "Miaka kumi na tisa amenibania. Acha na mimi nimbanie."