Fundi wa Mapaa ya Watalii na Siku Aliyonyeshewa Kando ya Simba

Saa mbili asubuhi, katika karakana moja ya Witeithie, kando ya barabara kuu ya Thika, gari la watalii limesimama likiwa halina kichwa. Bati la juu limekatwa kwa msumeno na kuegemezwa ukutani. Ndani ya gari, huku kiwiliwili chake kikiwa nje, Jeconia Okello analishusha paa jipya kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Paa linatua. Halitoi sauti yoyote. Jeconia hatosheki, analinyanyua tena na kulishusha akiwa amefumba macho.

"Zamani ningelibamiza mpaka wasikie Juja," asema. "Siku hizi nikisikia kitu, naanza upya."

Kazi yake ni kutengeneza mapaa ya kunyanyua, yale yanayowawezesha wageni kusimama garini na kutazama wanyama. Ameifanya kwa miaka tisa. Kabla ya hapo, akiwa kijana aliyetoka Ugenya kutafuta riziki, alikuwa akiunda bodi za matatu mjini Thika, na huko ndiko alikoipata imani iliyokaribia kumwangusha.

Katika kazi ya matatu, bati sharti lilie. Utingo huligonga kwa kiganja ili dereva ajue pa kusimama na wakati wa kuondoka, na abiria huubamiza mlango ili aridhike kwamba umefungwa. Bati lisilo na sauti huhesabiwa kuwa bati dhaifu. Jeconia aliihamishia sheria hiyo kwenye magari ya watalii bila kuihoji. Alibuni komeo zito la chuma lililoanguka katika tundu lake kwa kishindo cha bunduki, na wateja wakampenda kwa ajili ya kishindo hicho. Walilipiga paa pale uani, wakatikisa kichwa kwa kuridhika, wakaenda zao.

Katika miaka hiyo yote hakuwahi kumwona simba.

"Nilimjua wa nembo ya serikali," asema, "na yule hana kelele."

Mwaka jana, mteja wake mkubwa, Dianah Muthoni, mwenye kampuni ndogo ya utalii mjini Ruiru, aliingia karakanani bila salamu. Dereva wake, Githae, alikuwa ameshinda asubuhi nzima chini ya mti katika hifadhi ya Maasai Mara, wageni wakimngoja chui ateremke. Chui alipoanza kuteremka, upepo wa vumbi ulivuma na mgeni mmoja akafunga paa. Komeo likalia. Chui hakuonekana tena siku hiyo.

"Jeconia, hiyo komeo yako imenifukuzia chui," Dianah alimwambia.

"Madam, mimi nilitengeneza paa. Chui sikumtengeneza mimi."

Dianah hakucheka. Alimjulisha kwamba magari yake sita yaliyosalia, kazi ya takriban miezi minane kwa Jeconia na mafundi wenzake wawili, angeyapeleka kwa fundi mwingine Nairobi.

"Lakini kesho kutwa Githae anapeleka akina mama wa chama kutoka Membley," aliongeza. "Kuna kiti kimebaki. Enda ujionee, ndio uache kubishana na mimi."

Jeconia alikwenda, akiwa na begi la spana, kwa nia ya kuthibitisha kwamba kosa halikuwa lake. Njia nzima macho yake yalikuwa juu, akisikiliza nati. Walipopita Narok, Githae alishindwa kuvumilia.

"Fundi, dunia iko kwa dirisha. Huko juu ni bati tu, na ni wewe uliiweka."

Watu wanaorudi kutoka Mara wana desturi ya kurefusha meno ya wanyama, na si vyema kuwaamini wote. Simulizi ya Jeconia inaaminika kwa sababu haina meno ndani yake. Haina hata mngurumo.

Siku ya pili, alasiri, jua likiwa kali, simba jike mwenye watoto watatu alitoka katika nyasi ndefu, akatembea moja kwa moja hadi kwenye gari lao, akajilaza katika kivuli chake. Hakuwatazama. Alikaa kama mwenye shamba aliyekuta mti wake mahali pake. Mgongo wake uliegemea mlango wa upande aliokaa Jeconia, na watoto wakapenya chini ya gari.

"Niliweka kiganja kwa bati ndani ya mlango," asema. "Alikuwa anawaita watoto kwa sauti ya chini kabisa, hata sikio halikuishika vizuri. Lakini mkono uliishika. Bati lilikuwa linatetemeka. Nimefanya kazi na bati maisha yangu yote, na sijawahi kulisikia hivyo."

Kisha mbingu ikafunga na mvua ikaanza kunyesha, paa likiwa wazi.

Ngina, mwalimu mstaafu na mwanachama mzee kuliko wote, alinyoosha mkono kulishusha. Githae akamzuia kwa mnong'ono, kama mjukuu kwa nyanya yake.

"Shosho, wacha."

"Nitaloa, kijana."

"Loa tu, shosho. Hii ikilia, mama ataruka na hao watoto watatawanyika. Na gari siwezi kuwasha, wako kwa magurudumu."

Ngina akaurudisha mkono. Nyuso zote zikamgeukia Jeconia.

"Nilitamani wanitukane," akumbuka. "Waliniangalia tu, maji yakiwatiririka kwa shingo. Halafu huyo shosho akaniegemea, akaniambia, 'Fundi, Mungu anakuona. Hizi nywele nimesuka jana.'"

Walikaa hivyo karibu saa nzima. Mvua iliwapiga watu na simba bila kubagua. Simba aliwatoa watoto wake mmoja mmoja na kuwalamba maji usoni, umbali ambao mtu angeweza kumpa mwenzake kikombe cha chai. Alipoinuka na kuondoka, hakuna aliyeligusa paa. Ngina alikuwa amelishika shati la Jeconia kwa mikono miwili, nywele zake zikiwa zimeharibika kabisa, naye akilia bila aibu.

"Hapo ndipo niliacha kubishana," asema Jeconia.

Aliporudi Witeithie aling'oa komeo. Alijaribu mpira wa tairi, ukakatika. Alijaribu kitambaa cha turubai. Paa likafunguka lenyewe kwenye matuta. Hatimaye alipata vipande vya ukanda mzito wa mashine kwa muuza vyuma chakavu wa Thika, akavizungushia ukingoni, na mahali pa komeo akaweka mkono wa kuzungusha, unaokaza paa taratibu.

Wateja wawili waliligonga, hawakusikia kitu, wakaondoka wakisema halifungi. Simeon, fundi mwenzake, alimsihi arudishe chuma angalau kwa wale wanaokipenda. Alikataa.

Dianah alimpa gari moja tu.

"Nikisikia malalamiko, hizo zingine usiniulizie."

Gari likaenda Mara. Jeconia akabaki akichomelea geti la mtu wa Ngoingwa, simu ikiwa mfukoni. Alasiri ya Jumapili ikaita. Alikuwa Githae, akinong'ona.

"Fundi, nimefunga paa. Simba yuko hapa kando, amelala."

"Akafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Hajaamka?"

"Hata sikio hajasongesha, boss."

Jeconia asema aliketi juu ya tairi na kukaa hapo mpaka Simeon akadhani kuna msiba. Wiki iliyofuata Dianah alileta magari matatu kwa pamoja. Lililo mbele yake leo ni la tano.

Asiyeamini bado ni mkewe, Apiyo, muuza samaki sokoni.

"Simba alikuegemea, Jeconia? Na wewe ukanyamaza? Wewe?"

Jeconia hajaribu tena kumweleza. Amekubaliana na Dianah kwamba gari la sita likikamilika, sehemu ya ujira wake itakuwa viti viwili vya kwenda Mara, msimu wa mvua za vuli, wakati ambao wageni wengi huukwepa.

"Nimemwambia anunue koti la mvua," asema, akishuka garini na kupangusa mikono. "Paa linafungika vizuri sasa. Lakini siku hiyo silifungi."