Glavu Nyeupe za Timau

Wiki jana binti yangu alirudi nyumbani na habari kwamba darasa lao linaandaa tamthilia ya Kizungu ya zamani, naye ndiye bibi tajiri. "Mami, nataka glavu nyeupe," akasema. Nilimwambia tutazitafuta sokoni Meru, kisha nikarudi jikoni na kuyaacha maziwa yafurike mpaka moto ukazimika.

Rafiki yangu, sisi nasi tuliwahi kuigiza mambo hayo, tukiwa kidato cha tatu kule Timau, katika baridi ile ya kupasua midomo. Ilikuwa komedi ya mabwana na mabibi wa London ya kale, watu wa kunywa chai na kusengenyana, kila mmoja akihubiri maadili huku akificha maovu yake. Mwalimu wa Kiingereza alitufafanulia yote kwa maneno matatu: nyani haoni kundule. Kofia za mabibi tuliziazima kwa akina mama wa kanisa, zikinuka moshi wa kuni. Jioni tulikula githeri tukipitishiana chumvi kwa madaha ya London, tukicheka mpaka mbavu zikauma.

Msichana niliyekaa naye dawati moja ndiye aliyepewa nafasi kubwa, ya bibi mwenye siri ya ujana ambaye mwishoni husamehewa na wote. Mama yake alikuwa akifunga maua katika shamba la waridi, akamletea glavu zake za kazi. Tulizifua na kuziloweka siku tatu, lakini doa la kijani la majani likabaki kwenye kidole gumba. Mimi nilikuwa mjakazi wa kubeba trei. Niliitaka nafasi yake, sikufichi. Maneno yake yote niliyajua kwa moyo.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya maigizo ya shule, mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Huyo rafiki yako, ako na mimba ama hana?"

Mwenzangu huyo wa dawati alikuwa ameniambia mimi peke yangu, tukifua soksi, akaniomba ninyamaze mpaka shule zifungwe. Ningeweza kusema sijui.

"Ako nayo, madam."

"Umefanya vizuri. Hapa tunalinda maadili."

Alifukuzwa alasiri hiyo hiyo, sanduku lake likabaki bwenini. Nafasi yake nikapewa mimi, pamoja na glavu.

Tuliigiza Meru mjini. Nilipopiga magoti kuomba msamaha, wenzangu wakanisamehe na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mwalimu mkuu alikuwa mstari wa mbele, akifuta machozi kwa leso. Nami nilifurahi, naona haya kulisema.

Rafiki yangu alipelekwa kwa shangazi yake Embu. Alifariki akijifungua, na mtoto hakuishi. Mama yake alikuja kuchukua sanduku akiwa na gambuti za shamba. Nilimrudishia glavu, akazikunja polepole.

"Asante, mtoto wangu," akasema. "Wewe ndio ulikuwa rafiki yake. Nilisikia ulimchezea mzuri sana."

Ukumbi wa mbao wa shule yetu, tulimofanyia mazoezi, ulishabomolewa, na siku hizi msichana akizaa hurudi darasani. Mama yule tulimzika mwaka jana. Nilitupa udongo wangu pamoja na wengine, na sikumwambia mtu.

Jana binti yangu alivaa glavu mpya akaninyooshea mkono kwa madaha, niubusu. Nilitazama kidole gumba kwanza.