Kampuni Mpya ya Shemeji

Mama Turubai hapakii mzigo wa mtu kwenye lori asilolijua, hata lori lenyewe lije limevishwa shela. Ndivyo alivyojijengea jina. Alianza akiwa ameketi chini kwenye yadi ya malori, sindano ndefu mkononi, akishona maturubai yaliyochanika. Leo ana ofisi ya chumba kimoja inayotazamana na lango la yadi hiyohiyo: meza, viti viwili, na simu isiyopoa. Wafanyabiashara humletea mizigo, yeye huwatafutia malori. Na kabla lori halijasogea ghalani, huenda idara ya usafirishaji, akajibanza dirishani na kumuuliza karani: kampuni hii imesajiliwa? Bima yake iko hai? Magari yamekaguliwa? Yamewahi kuua?

"Mama, wewe unachunguza malori kuliko watu wanavyochunguza wachumba," karani humtania.

"Mchumba akikushinda unarudi kwenu. Lori likikushinda mlimani unarudi kwa nani?"

Safari hii kampuni aliyoiulizia ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho. Mwenye kiwanda cha unga alitaka lori la kushusha mzigo mji wa bondeni, kila wiki, mwaka mzima. Shemeji alikuja ofisini mwenyewe, shati limenyooshwa kwa pasi hadi linakata, akijiita mkurugenzi. Mdogo mtu alikuwa nyuma yake.

"Dada, safari hii tushike mkono," alisema. "Mimi nimechoka kuwa yule ndugu anayekuja na kikombe kuomba sukari."

Karani alipekua kompyuta yake. "Imesajiliwa. Bima hai. Ukaguzi umepita. Ajali hakuna, faini hakuna. Safi kabisa, mama."

"Ina umri gani?"

"Miezi mitano."

"Basi hiyo si safi, ni changa. Hata kitoto cha miezi mitano hakijawahi kuiba."

Karani alicheka. Mama Turubai hakucheka. Shemeji huyu alikuwa mhesabu magunia tangu aoe, na hakuwahi kumiliki hata mkokoteni. Malori ameyaokota wapi?

Akashika njia ya yadini. Lori lilikuwa linang'aa, rangi ya kijani bado inanuka, jina la kampuni limeandikwa ubavuni kwa herufi za kujidai. Dereva wake, mtu mzima ambaye yadi nzima ilimwita Taratibu, alikuwa akifuta kioo. Mama Turubai akalizunguka lori, akafika nyuma palipokunjwa turubai, akalishika pindo. Vidole vilijua kabla ya macho. Mshono umerudiwa mara mbili, fundo limefichwa ndani. Pale yadini hakuna mwingine aliyeficha fundo. Turubai lile alilishona yeye, kwa kampuni ya Bosi Mnene, iliyofungiwa mwaka jana baada ya lori lake kukatika breki mlimani na kuondoka na roho ya dereva pamoja na za watu wawili waliokuwa wanavuka barabara.

Wajanja walibadili jina, wakabadili rangi, wakatafuta na mkurugenzi. Lakini turubai zima nani analitupa?

Hata hivyo hakukurupuka. Turubai huuzwa, na yeyote angeweza kulinunua. Akamgeukia dereva.

"Taratibu, breki vipi?"

"Zinashika, mama."

"Hilo ni jibu la trafiki. Nijibu mimi."

Taratibu alitazama langoni, kisha akatazama kitambaa chake. "Zinashika ukiwahi kukanyaga. Upepo wa breki unavuja. Nimesema, nikaambiwa nivumilie."

"Shemeji yangu ndiye aliyekwambia?"

"Yule?" Taratibu nusura acheke. "Yule anasaini tu, mama. Funguo nachukua kwa Bosi Mnene."

Mama Turubai alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mdogo wake. Alimkuta shemeji sebuleni, miguu juu ya kistuli.

"Shemeji, lori lile la nani?"

"La kampuni. Si umeenda kuuliza, ukaona jina langu?"

"Jina nimeliona. Mwenye gari sikumwona. Bosi Mnene amefungiwa, amekutundika wewe mbele kama pazia. Lile gari likiua, askari hawatamtafuta yeye. Watakuja hapa, kwenye kistuli hiki."

Shemeji alishusha miguu polepole. Mama Turubai alikuwa mtu wa kupatana bei, basi akamwekea bei mezani: lori liende kwa fundi anayemwamini, breki zifunguliwe zote, na shemeji atoe jina lake kwenye kampuni ile. Yeye atamwombea usimamizi wa ghala kwa mwenye unga.

"Nirudi kuhesabu magunia?" Shemeji alisimama. "Miaka yote mimi ni bwana mdogo wa nyumba hii. Leo nimeitwa mkurugenzi, shemeji usingizi umekuruka!"

"Dada," mdogo mtu akadakia, "kwani lori hilo limeua?"

"Bado."

"Basi mbona unatuzika?"

Mama Turubai akaondoka bila hata kunywa maji.

Kesho yake, akiwa mlangoni pa ofisi, aliliona lori la kijani linatoka yadini limelalia matairi. Dalali mwingine, yule waliyemwita Fasta, alikuwa amelijaza saruji. Taratibu alimpungia mkono kutoka dirishani.

Mzigo haukuwa wake. Akinyamaza, hakuna wa kumuuliza. Akisema, jina la kwanza kukamatwa ni la mume wa mdogo wake. Aliligeuza jambo lile kama anavyogeuza kila biashara, akaona kila upande una hasara, ila upande mmoja hasara yake haifufuki. Akampigia karani.

"Lori la kijani la ile kampuni changa lisivuke mizani kabla breki hazijafunguliwa. Mkwangue na rangi kwenye namba ya chesisi, muone lilikuwa la nani."

"Mmiliki nani, mama?"

"Aliyesajiliwa ni shemeji yangu. Mwenyewe hasa ni Bosi Mnene. Andika wote wawili. Usije ukaandika mmoja."

Lilizuiwa kabla ya mteremko. Magurudumu ya nyuma yalikuwa hayana breki ya kusema. Shemeji alichukuliwa na askari mchana uleule. Simu ya Bosi Mnene ilikuwa imezimwa.

Mdogo mtu aliingia ofisini bila salamu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Wamemchukua."

"Najua. Wakili anatungoja kituoni. Mumeo aseme yote, asimfiche yule mtu hata kwa jambo dogo."

"Ungeniambia kwanza."

"Nilikwambia."

"Ulikuja kama dalali. Ungekuja kama dada."

Mama Turubai alichukua mkoba, akafunga ofisi mchana kweupe, simu ikiendelea kulia ndani.

"Twende."

Mdogo wake aliinuka, wakaenda. Lakini hadi kituoni alitembea upande wa pili wa barabara.