Shahidi Hakujibu

Miaka ishirini na mbili nimeponea mgongoni mwa Manang Meding, na sikujua. Naona heri niseme hivyo mwanzoni kabisa, maana watu wa mji wetu wananisifu kwa yaliyotokea mwezi wa nane, na sifa zenyewe hazinihusu.

Mimi ni mkalimani wa mahakama hapa San Crispin. Shahidi anasema kwa lugha yetu ya kisiwani, mimi nageuza kuwa Kiingereza cha sheria, na Manang Meding, kwenye kiti chake mbele ya meza ya hakimu, anaandika yote kwa hati mkato. Jina lake la cheti ni Remedios Gallego. Lakini hata wauza samaki sokoni wanamwita Manang, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, na wakimwona wanamchagulia samaki aliyenona.

Kwetu sisi mtu aliyelelewa vizuri hamnyooshei mwenzake kidole. Ukimuuliza njia, anachongoa midomo kuelekea kule. Ukimuuliza kama amekula, anainua nyusi, na hiyo ndiyo "ndiyo" yake, hana nyingine. Sasa mahakamani ishara kama hiyo lazima mtu aitaje kwa sauti ili iingie kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu rasmi ya kikao, na mtu huyo ni mkalimani. Mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilizitaja zote. Halafu nikaona Manang anaziandika mwenyewe kabla sijafungua kinywa: shahidi ameinua nyusi, maana yake ndiyo, shahidi ameonyesha kwa midomo mwanamume mwenye shati la bluu. Nikaacha. Mwendesha mashtaka akaacha. Mahakimu wakaja na kuondoka, nao wakaacha. Sote tukamtupia mzigo mama wa watu, naye hakulalamika hata siku moja.

Na alikuwa amechoka, jamani. Kikao cha saa mbili kilimla siku tatu za kupiga chapa. Mkono wa kulia aliufunga kitambaa kilichonuka dawa ya kuchua, na kwenye kiti alikalia mito miwili. Marehemu mumewe alikuwa akituambia, "Mimi sikuoa mke, nimeoa taipureta." Tulicheka. Manang alicheka pia, huku anajichua kifundo cha mkono.

Basi mwaka jana ikaletwa akili mnemba. Vinasa sauti vinne, skrini moja, na kijana mmoja mwenye viatu vyeupe kutoka makao makuu aje kutufundisha.

"Mama, sasa utapumzika," akamwambia Manang. "Watu wakizungumza, yenyewe inaandika. Mwishoni inakupa na muhtasari."

"Nitapumzika nikifa, mwanangu. Wewe nionyeshe kitufe."

Siwezi kuitukana ile mashine. Maneno iliyadaka vizuri kuliko mimi, na hata shahidi mwenye kikohozi ilimwelewa. Dakika kumi baada ya kikao karatasi ziko tayari. Kumbe hapo ndipo balaa lilipojificha. Wakubwa walipoona dakika kumi, wakaongeza vikao. Zamani tulisikiliza kesi nne kwa siku, sasa zikawa tisa. Na kila mwenendo bado ulihitaji sahihi ya Manang chini ya maneno yasemayo kwamba ameusoma wote na ni sahihi. Alinyang'anywa kalamu, akaachiwa dhamana.

Mwezi wa tano akaja Bibi Conching. Huyu alikuwa muuza vitumbua vya mchele kando ya barabara ya kwenda kwenye kinu. Mjukuu wake Jomel aligongwa na pikapu akiwa juu ya baiskeli, hatua chache kutoka kwenye meza ya bibi yake, akafa palepale. Ndani ya pikapu walikuwa watu wawili: Rodel, mtoto wa mwenye kinu, na kibarua wao. Rodel anasema kibarua ndiye aliyeendesha. Kibarua alitoroka, hajulikani aliko. Aliyeona nani alishuka upande wa usukani ni Bibi Conching peke yake.

Mwendesha mashtaka akamuuliza, "Aliyeshuka upande wa usukani yumo humu ndani?"

Nikamtafsiria. Bibi akainua nyusi.

"Ni yupi?"

Bibi akamgeukia Rodel, akachongoa midomo kumwelekea, taratibu, na machozi yanamtoka.

"Una hakika ni yeye?"

Nyusi zikapanda tena. Chumba kizima kiliona. Nenita, binti yake na mama yake Jomel, akaanza kulia kwa sauti kwenye benchi la nyuma. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kizimbani. Sikusema kitu. Nilikuwa nafikiria chakula cha mchana, nasema kweli, nilikuwa nafikiria bakuli la supu ya tambi.

Ijumaa ya wiki ile nilimkuta Manang na mienendo kumi na tisa mezani. Ameegemea kiganja, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Berting, macho yanaogelea. Nimesoma kurasa thelathini na sikumbuki hata moja."

"Weka sahihi tu, Manang. Mashine haikosei. Uende ukalale."

Halafu akashusha miwani, akaweka sahihi kumi na tisa, moja baada ya nyingine, akaenda kulala.

Wiki tatu baadaye Bibi Conching alishikwa na homa ya mapafu, akafariki. Hakimu wetu naye akahamishwa, tukaletewa mwanamama kutoka kaskazini mwa kisiwa, Hakimu Lazaro, mkali, asiyemjua mtu. Yeye alikuwa na karatasi tu. Na Wakili Sorongon, mtetezi wa Rodel, aliijua thamani ya karatasi. Akapeleka ombi kwamba mteja wake hana kesi ya kujibu.

Nenita alitufuata ukumbini na nakala ya ombi lile. Alikuwa na kikapu cha vitumbua. Siku hizi anauza yeye.

"Manang, nisomee hapa," akasema. "Mimi Kiingereza kinanipiga chenga, lakini naona jina la mama."

Manang akasoma. Nikamwona anarudia kusoma. Mashine ilikuwa imeandika mara tatu: shahidi hakujibu, shahidi hakujibu, shahidi hakujibu. Na kwenye muhtasari ikatia lake: shahidi alishindwa kumtambua mshtakiwa. Chini, sahihi ya Remedios Gallego, nzuri, imenyooka.

"Wanasemaje?" Nenita akauliza.

"Wanasema mama yako hakumwonyesha mtu."

"Hakumwonyesha? Si alimwonyesha! Wewe ulikuwepo. Manong Berting, kaka yangu, na wewe ulikuwepo!"

Nikatazama viatu vyangu. Nenita hakupiga kelele. Aliketi tu sakafuni kando ya kikapu chake, akasema, "Mama alikuja na homa siku ile. Nilimkataza. Akasema lazima aende akaseme."

Sikuweza kuvumilia, nikajifanya nimeitwa ndani. Manang alikuja kunikuta masjala. Alikuwa mweupe usoni.

"Nitakula kiapo," akasema. "Nitasema niliona, na nitasema niliweka sahihi bila kusoma."

"Una wazimu? Umebakiza miezi miwili ustaafu! Watakufukuza, na kiinua mgongo kiende na maji."

"Najua hesabu ya miezi yangu."

"Manang, tafadhali. Kumbukumbu zako za hati mkato je?"

"Zipi? Si walisema niache? Niliacha. Mkono ulishukuru." Akavuta kiti, akakaa kwa kishindo. "Nimechoka, Berting. Nimechoka mpaka kulala kunanichosha. Lakini yule mama pale nje ameketi sakafuni kwa ajili ya sahihi yangu."

Hakusema kwamba ni mimi niliyemwambia aiweke. Wala hakusema kutaja ishara ilikuwa kazi ya nani. Nilisubiri aseme, hakusema, nikaona nafuu. Nafuu! Hadi leo nikikumbuka najichukia.

Siku ya kusikilizwa ombi, Manang alipanda kizimbani amevaa gauni lake la kanisani. Akala kiapo. Akaeleza yote, kuanzia nyusi mpaka mienendo kumi na tisa ya Ijumaa. Alisema kwa lugha yetu, mimi nikawa namtafsiria. Rodel alikaa karibu na baba yake, anachezea ufunguo wa gari.

Wakili Sorongon akasimama. Ni mtu wetu, mzaliwa wa hapa hapa, ana sauti tamu na hana haraka.

"Mama Gallego, una umri gani?"

"Sitini na minne."

"Macho yako mazuri?"

"Ya kukuona wewe yanatosha."

Watu wakacheka. Yeye pia akatabasamu.

"Basi tusaidie. Tuseme marehemu alitoa ishara. Kwa utaratibu, si kuna ofisa wa mahakama ambaye lazima aitaje ishara hiyo kwa sauti?"

"Yupo."

"Ilitajwa?"

"Haikutajwa."

"Ahaa. Kwa nini haikutajwa, kama kweli ilikuwepo? Na ofisa huyo ni nani?"

Manang akafumba mdomo. Feni inazunguka darini, sisi tunasubiri. Hakimu Lazaro akamwambia, "Shahidi, jibu." Manang akatazama ukuta, juu ya kichwa changu kabisa, asije akanielekezea hata jicho. Na mimi nimesimama pale na kazi yangu ya kugeuza maneno, hakuna neno la kugeuza.

Skrini ilikuwa mbele yangu. Maneno yakajiandika yenyewe, polepole: shahidi hakujibu.

Sijui kilichonishika. Aibu, nadhani. Nilitamani ardhi ipasuke, haikupasuka, nikapiga moyo konde.

"Mheshimiwa, naomba mwenendo uonyeshe kwamba shahidi amenyamaza ili kunifichia mimi. Ofisa mwenyewe ni mimi. Bibi Conching aliinua nyusi mara mbili, na akamwonyesha mshtakiwa kwa midomo. Niliona. Nilitakiwa kusema, sikusema. Na hata ile sahihi, mimi ndiye niliyemwambia aiweke bila kusoma."

Pakawa na minong'ono. Manang aliniangalia, akatikisa kichwa, kama kwamba nimemharibia mpango.

Sorongon hakutetereka. "Mheshimiwa, tunaona nini hapa? Watumishi wawili wa ofisi moja, wamekula pamoja miaka na miaka, leo wanabebana. Karatasi haina rafiki. Karatasi inasema shahidi hakujibu."

Hakimu akavua miwani. "Wakili, mimi sikuwepo siku ile. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mheshimiwa."

"Ulikaa wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi nakuuliza wewe, ofisa wa mahakama hii uliyekula kiapo. Yule bibi alimwonyesha mteja wako kwa midomo?"

Sorongon akafungua kinywa apange maneno yake ya Kiingereza. Lakini mtu hulelewa na mama yake kabla ya kulelewa na chuo cha sheria. Kabla neno halijatoka, nyusi zake zikapanda. Zote mbili, juu kabisa, zikashuka. Akajishika paji la uso, lakini wapi!

Skrini ilikuwa tupu, inasubiri sauti. Manang kule kizimbani hakuwa na kalamu. Akanigeukia mimi.

Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa mle ndani: "Mwenendo uonyeshe kwamba wakili wa utetezi ameinua nyusi, maana yake ndiyo."

Ikaandikwa.

Sorongon akaketi bila kupinga. Mwenendo wa Bibi Conching ukaamriwa urekebishwe, ombi likatupwa, na Rodel ana kesi ya kujibu. Inasikilizwa tena mwezi wa kumi na moja. Ufunguo wa gari ulikuwa umemdondoka Rodel, hakuuokota. Nenita alikuja mpaka kizimbani akamshika Manang miguu, Manang akamwambia ainuke, sakafu ni chafu.

Barua zetu za karipio zilikuja wiki iliyofuata. Yangu nilistahili. Yake inasema kiinua mgongo kimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi wa kwetu mwaka mzima si ajabu. Alinisomea akiwa amekaa kwenye ngazi za nje, kitambaa mkononi, mito yake miwili ndani ya mfuko.

"Manang, nisamehe," nikamwambia.

"Nikusamehe nini? Kazi yenyewe ndiyo kwanza umeianza." Akaikunja barua, akaitia mfukoni. "Miaka ishirini na mbili nakusemea wewe, Berting. Nibebee hii mito mpaka nyumbani."

Nikaibeba. Njiani nilimuuliza kama ana uchungu na mimi. Hakuna mashine iliyokuwa inasikiliza, ni sisi wawili tu na jua la saa tisa. Akainua nyusi.