Povu la Fundi Pancha

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika zaidi chaki ya kuweka alama kwenye tundu la tairi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na herufi h huwa naiweka isipotakiwa na kuisahau inapotakiwa. Mkikuta imekosekana mahali, mkaichukue pale ilipozidi. Pia ninaandika polepole. Habari hii niliianza maharage yakiwa shambani, na sasa tumeshayala.

Mimi ni fundi pancha hapa Karatu, kando ya lami inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Nina aibu. Siyo aibu ya adabu ambayo wazazi huisifu, ni ile ya kushindwa kumwambia mtu hapana. Mteja akisema leo kuna baridi nitakubali, hata kama jasho linanidondoka kwenye tyubu.

Aibu hiyo ndiyo iliyoninenepesha. Madereva wa watalii wakishuka kutoka Kreta jioni hupita kwetu kupima upepo, na kwenye gari huwa kuna lanchi boksi ambazo wageni wamezidokoa tu. Kuku wa kukaanga, keki, krispi, juisi. "Dogo, shika hii," dereva anasema, na mimi nashika. Mwingine akija na lake nashika pia, maana nikilikataa ataona nambagua. Juu ya hapo kuna soda za shukrani. Kazi yenyewe ni ya kuchuchumaa, na nyumbani nilikuwa narudi kwa bodaboda.

Nikaota kitambi. Fundi mkuu alisema nimefunga tairi la akiba kiunoni. Mama yeye alifurahi. Sokoni aliwaambia wenzake kwamba mji umempokea mwanawe, na Jumapili alipenda nitembee mbele yake ili watu waone.

Ilikuwa Jumapili ya namna hiyo nilipotoka ibadani nikaona foleni kando ya ukumbi. Kwa kuwa palikuwa na harufu ya chai, nikajiunga. Nilipokaribia meza nikaona hakuna birika wala maandazi. Kulikuwa na nesi na kipimo cha presha. Nyuma yangu walikuwa wamejipanga akina mama wa kwaya, na kutoka kwenye foleni kungefanya wote wanitazame. Nikabaki.

Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kufika mwisho wa wodi. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, na hapo kidogo nikajisikia niko kazini. Akasoma kipimo. Akaniambia nikae pembeni nipumzike, akanipima tena, kisha akahamia mkono wa pili.

"Ni aibu, mama," nilimwambia. "Watu wananiangalia."

"Aibu inapandisha presha, sikatai," akasema. "Lakini aibu haioti kitambi."

Akanieleza taratibu, kwa sauti ileile. Mafuta ya tumboni, alisema, si mzigo uliokaa tu kama gunia stoo. Yakiungana na sukari nyingi yanauchosha mwili, mishipa inakuwa migumu, na mwili unang'ang'ania chumvi na maji badala ya kuviachia. Presha inapanda. Presha ikipanda inazipiga figo, nazo figo ni kama chujio la chai, zina vitundu vidogo sana. Chujio likiumia linashindwa kutoa chumvi vizuri, kwa hiyo presha inapanda tena. "Inazunguka hivyo, baba, na wewe husikii maumivu yoyote."

Kisha akauliza, kwaya nzima ikisikia, kama mkojo wangu unatoa povu.

Nilimkumbuka baba mkubwa. Alianza kuvimba miguu, akavimba uso, na sisi nyumbani tukatafuta mbaya wake aliyemroga ni nani. Tulikuwa bado tunamtafuta huyo mbaya, daktari aliposema ni figo, na kwamba zimeshachoka kabisa. Nilimkumbuka vizuri sana, na bado nikajibu, "Hapana, mama. Mkojo wangu ni mzuri tu."

Mtu mmoja wa kwaya akakohoa. Sijui kwa nini niliusifia.

Ukweli ni kwamba povu lilikuwepo, tena la kukaa. Nilikuwa nikiliona kwenye choo cha pale kazini, na nilishajiambia kuna mtu amemwaga sabuni, ingawa sabuni haijawahi kufika kwenye choo kile. Hata mikono tunanawa kwa mchanga na petroli.

Nesi aliniagiza nipunguze chumvi, sukari na mafuta, kisha nifike kituo cha afya nipimwe damu na mkojo. Katika hayo yote, nililobeba hadi nyumbani ni la chumvi peke yake. Mama alikubali mara moja. Ila makande yasiyo na chumvi yalimtia huruma, akaona anifidie kwa kuongeza magadi. Makande yakawa laini, yenye rangi, matamu. Mama aliona chumvi inatoka dukani na magadi yanatoka ardhini, kwa hiyo ni vitu viwili tofauti. Nami nilikubaliana naye, maana mdomo ulikuwa umejaa. Lanchi boksi niliendelea kupokea kwa hoja kwamba keki haina chumvi. Kituoni sikwenda. Kila nilipofikiria kuvuka ua wa pale nikiwa na mkojo wangu kwenye kikopo, nilipata kazi ya haraka.

Asubuhi moja dereva mmoja alileta tairi linalopungua upepo kidogo kidogo. Nilitoa tyubu, nikaijaza, nikaizamisha kwenye karai la maji. Hakuna kilichotoka isipokuwa povu dogo pembeni ya kiungio, jembamba, la kung'ang'ania. Nikalifuta kwa kidole. Likarudi.

"Hapo," dereva akasema.

"Ni sabuni tu, kaka."

"Sabuni gani, dogo? Povu halibishaniwi. Pametoboka."

Nilibaki nimeshika chaki. Kazi yangu tangu nimalize shule ni kutazama povu. Nimewahi kuwacheka wenye magari wanaokataa povu mbele ya macho yao. Nilipawekea alama pale, nikabandika kiraka, kisha nikaizamisha tyubu tena na tena hadi fundi mkuu akauliza kama nimekunywa chai.

Kesho yake nilikwenda kituoni. Nesi alikuwa yuleyule, na safari hii chumba kilikuwa na sisi wawili tu, lakini bado nilinong'ona.

"Mama, lile povu."

"Povu gani?"

"Lile nililosema halipo."

Hakunicheka. Alinipa kikopo, nikaenda, nikarudi nacho nimekificha ndani ya kofia, watu wote kwenye benchi wakatazama kofia. Kikaratasi cha kupimia alichochovya humo kilibadilika rangi. Alisema kuna protini inayopita, na haitakiwi kupita. Damu ilipopimwa ikaonekana figo bado zinafanya kazi, ila zimeanza kuumia. Sukari nayo ilikuwa inanyemelea.

"Kiraka chake ni nini?" nikauliza. Ndilo swali ninalolijua.

"Figo haina kiraka, baba. Tunapunguza presha na tunapunguza mzigo, ili tundu lisipanuke."

Akaniandikia vidonge vya kila siku, akasema nisiache hata nikijisikia mzima. Kisha akaanza kuuliza ninavyokula. Nilipojisifu kwamba chumvi nimeikata kabisa, akauliza kuhusu magadi.

"Magadi si chumvi, mama."

Aliweka kalamu chini. "Kwenye presha yako," akasema, "hao ni ndugu wa tumbo moja."

Nyumbani nilimweleza mama. Mwanzoni alitetea kitambi changu, akasema kikiisha watu watadhani nalala njaa. Nilipotaja figo alitazama upande wa nyumba ya baba mkubwa, ambayo sasa tunawekea magunia. Halafu akabeba mkebe wa magadi, akaenda kuwamwagia ng'ombe. Walifurahi kuliko mimi.

Ikabaki kazi ya kukataa lanchi boksi. Kusema hapana nilijaribu, sauti haikutoka. Basi nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa chaki na kukitundika juu ya kompresa: FUNDI AMEHACHA KEKI. Madereva walicheka hadi mmoja akaegemea gari. Mpaka leo wananiita Amehacha, na wakipita wananipungia ndizi dirishani. Sasa narudi nyumbani kwa miguu, kwa hiyo jina hilo nalisikia njia nzima.

Nimerudi kupimwa. Presha imeshuka kiasi, na protini bado inapita, ingawa kidogo kuliko mwanzo. Nesi anasema tusishangilie wala tusilie, nirudi tena baada ya mavuno ya mahindi. Kila asubuhi natazama chooni kama ninavyotazama kwenye karai, na nikiona povu sibishani nalo tena.

Ila kuna jambo limetushinda, na ndiyo sababu nimejikaza kuandika. Mama ameloweka mahindi na maharage usiku kucha, akapika bila magadi. Anasema makande yanaiva, lakini hayana tabia. Akishindwa kabisa najua mkebe utarudi kutoka zizini. Kama kwenu mnapika makande yenye ladha bila magadi wala chumvi nyingi, tafadhali niandikieni mnavyofanya. Nitamsomea mama polepole. Na kama wewe nawe umeona povu ukasema ni sabuni, niandikie hata mstari mmoja, ili nisiwe peke yangu. Mwandiko mbaya usikuzuie. Hapa umeshazoeleka.