Chonge za Mwanangu

Mjukuu wangu alianza kuharisha siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi alikuwa ananyonya kwa kusuasua. Alikuwa na miezi saba. Binti yangu na mumewe wanakaa Chamazi, na mie nina chumba changu uani kwao, kwa hiyo kila kilio cha mtoto kinanifikia. Asubuhi ile niliingia sebuleni nikamkuta mkwe wangu, mama mzazi wa baba wa mtoto, amempakata mjukuu wetu. Kidole chake cha shahada kilikuwa mdomoni mwa mtoto, kinapapasa fizi.

"Njoo uone mwenyewe," aliniambia. "Juu, huku na huku. Pamevimba, peupe. Haya ni meno ya plastiki, mkwe."

Binti yangu alisimama mlangoni, kanga ya kumbebea mtoto iko begani. Alikuwa ameshaelekezwa kwa mama mmoja mtaa wa pili anayeyatoa.

Watu wengi tunaoishi nao wanaamini kwamba mtoto mchanga akiharisha na kuchemka, chanzo ni meno mabovu, laini kama nailoni, yaliyojificha kwenye fizi mahali pa chonge. Yasipotolewa, wanasema, mtoto anakufa. Basi anatafutwa mtu wa kuichimba fizi kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Mie nimeishia darasa la saba, na nililiamini jambo hilo kama ninavyoamini kwamba mvua inalowesha.

Nilimwambia binti yangu aketi. Nikaenda chumbani nikachukua kibati changu kidogo, kilichokuwa cha mafuta ya kujipaka.

Kabla ya binti yangu nilizaa mvulana. Tulikaa Kiwalani, chumba kimoja, ndege zikipita juu ya bati mpaka mnanyamaza kwanza ndipo mmalizie maneno. Naye alikuwa na miezi saba, naye aliharisha. Nilimpeleka mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Yule mama mtoaji alivuta kigoda, akasema, "Shika kichwa. Usimwonee huruma, huruma ndiyo inayoua watoto." Nikashika. Nilishika vizuri sana. Alitoa mawili, akapaka chumvi, akanipa yale meno kwenye kipande cha gazeti nikayatupe chooni yasirudi. Nilifika mpaka mlango wa choo, nikarudi nayo.

Kuanzia hapo mwanangu hakunyonya tena. Chuchu ikimgusa, anajikunja. Mdomo ulivimba, ukaanza kutoa harufu, homa ikapanda kuliko ile ya mwanzo. Siku ya nne tukamzika. Waliokuja kwenye matanga walisema tulichelewa kuyatoa, na mie nikaitikia kwamba kweli, tulichelewa.

Siwezi kuapa kwamba ni spoku peke yake iliyomuua. Kuharisha kulikuwepo kabla. Ila mtoto anayeharisha dawa yake ya kwanza ni kunywa, na sisi tulimtia kidonda pale pale anaponywea, halafu tukashangaa anakauka. Hilo nililielewa baada ya miaka, siku muuguzi wa kliniki aliponionyesha fizi za binti yangu, wakati huo naye mchanga, akaniambia kile kivimbe cheupe ni jino la kawaida, linajiandaa kutoka. Nilirudi nyumbani nikafungua lile gazeti nililolificha kwenye kibati. Yale meno yalikuwa yamekauka.

Sasa nilikifungua kibati mbele ya mkwe wangu.

"Gusa," nikasema.

Aligusa kwa ncha ya ukucha. "Magumu," akasema.

"Ni ya kaka yake huyu," nikasema, nikimwonyesha binti yangu. "Yalikuwa chonge. Plastiki haiwi hivyo."

Binti yangu alijua alikuwa na kaka aliyekufa. Habari ya kibati hakuijua. Akakaa chini kwenye mkeka.

Mkwe hakukubali upesi. "Mie wanangu watano wote walitolewa, na wapo."

"Wapo, namshukuru Mungu. Na baba wa huyu mtoto, chonge zake za juu ziko wapi?"

Mkwe wangu mwanamume, mtu mzima na ndevu zake, chonge moja haikuota kabisa, na nyingine imetokea juu huko, imelala.

"Ndiyo maana muhindi wa kuchoma anaula kwa pembeni kama mbuzi," binti yangu akasema.

Mkwe alicheka bila kupenda. Kisha akauliza, taratibu, "Sasa akifa je, mkwe?"

"Ndiyo tumwahishe zahanati."

Tulikwenda wote watatu. Muuguzi alimpima, akaangalia na mdomo, akasema fizi ni nzima na tusiziguse. Tukapewa dawa ya kuchanganya na maji safi, ile ya chumvi chumvi, na vidonge vya zinki. Mkwe alishika kikombe na kijiko mwenyewe, akimnywesha kidogo kidogo kutwa nzima, akimsemesha: "Kunywa, baba, bibi yako mbishi kanileta huku." Jumamosi mtoto alidai ziwa kwa ukali. Jumatatu tumbo lilifunga.

Tangu hapo binti yangu anamfuta fizi kwa kitambaa safi, na yalipoanza kuota meno ya mbele, akamnunulia mswaki mdogo. Wapo wanaosema ni ya utoto, yatang'oka tu. Mie nawajibu kwamba mtoto hali kwa meno ya kesho.

Mwezi uliopita, mjukuu akiwa na mwaka mmoja na nusu, mkwe alikuja kutusalimia. Nilikuwa uani nafua nikamsikia ananiita.

"Mkwe, kaning'ata."

Nilimkuta anapuliza kile kidole chake cha shahada. Nilikausha mikono, nikamfungua mtoto mdomo. Chonge zilikuwa zimechomoza mbili, juu, huku na huku.